Diski za mashine pepe kwenye KVM: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya wanaotumia KVM na QEMU, programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) kwenye Linux, wakizisimamia ama kwa libvirt (`virsh`, virt-manager) ama kwa Proxmox VE. Wa VirtualBox wana swali lao huko chini. Mwenyeji ni kompyuta yenyewe, ile yenye diski za kushikika. Mgeni ni mfumo endeshi unaoishi ndani ya mashine pepe. Amri zinahitaji `sudo` au root. Kwenye mifano, mashine inaitwa `duka`.

Nimempa mgeni diski ya GB 100, na seva yangu ina GB 80 tu zilizobaki. Mbona imekubali?

Kwa sababu hujampa nafasi, umempa ahadi. Jaribu mwenyewe (qcow2 ni aina ya faili la diski pepe linalokua kadiri linavyoandikwa):

```
qemu-img create -f qcow2 duka.qcow2 100G
qemu-img info duka.qcow2
```

Utaona mstari wa `virtual size` unasema GiB 100, na chini yake `disk size` inasema karibu KiB 200. Ya kwanza ndiyo anayoiona mgeni. Ya pili ndiyo iliyoliwa kweli kwenye diski ya mwenyeji, nayo itapanda kadiri mgeni anavyoandika. Faili la raw, yaani diski ghafi isiyo na muundo wa ziada, nalo linaweza kuwa hivyo hivyo: `ls -lh` itakutajia ukubwa wote, `du -h` itakutajia kilichotumika.

Ni kama dalali anayeuza viwanja kumi kwenye shamba la viwanja sita: mambo shwari mpaka wanunuzi wote waje kujenga. Hakuna ubaya kuahidi zaidi ya ulichonacho, karibu kila mtu anafanya hivyo. Ubaya ni kutojua umeahidi kiasi gani. Jumlisha ukubwa wa diski zote za wageni wako, linganisha na nafasi iliyopo, na weka tahadhari ya kukuarifu hifadhi ikifika asilimia 80.

Na nafasi ya mwenyeji ikiisha kweli, mgeni anakuwaje?

Inategemea diski imekaa wapi, na hapa tofauti ni kubwa.

Kama ni faili la qcow2 kwenye ext4 au XFS (mifumo ya mafaili ya Linux), kwa kawaida QEMU humsimamisha mgeni pale pale anapokosa nafasi ya kuandika. `virsh list` itaonyesha `paused`, na `virsh domblkerror duka` itakujibu `vda: no space`. Usimzime kwa nguvu. Futa au hamisha vitu kwenye mwenyeji upate nafasi, kisha `virsh resume duka`. Mgeni ataendelea alipoishia, mara nyingi bila hata kujua kwamba aligandishwa, ila saa yake itakuwa imebaki nyuma.

Kama ni LVM (njia ya Linux ya kugawa diski kuwa volyumu) ya ahadi, ile ambayo Proxmox huiita `local-lvm`, hali ni mbaya zaidi. Bwawa, yaani hifadhi ya pamoja ya volyumu hizo, likijaa, maandishi hupangwa foleni kwa sekunde 60, kisha yanarudishwa na hitilafu. Mfumo wa mafaili wa mgeni unaweza kugeuka wa kusoma tu, na hifadhidata ikabaki nusu. Endesha `lvs` na uangalie safu mbili, `Data%` na `Meta%` (ya pili ni ya rekodi za bwawa lenyewe). Wengi huangalia ya kwanza tu, wakati bwawa lililojaa `Meta%` ndilo gumu zaidi kulifufua.

Nitumie qcow2 au raw?

Kama diski zako ni mafaili juu ya ext4 au XFS, tumia qcow2 na usihangaike. Unapata snapshoti (hali ya diski ya wakati fulani unayoweza kuirudia), faili linaanza dogo, na tofauti ya kasi kwa kazi za kawaida za ofisi hutaiona. Ukihofia kasi, tengeneza faili kwa `-o preallocation=metadata`, au `falloc` ukitaka nafasi yote ishikwe kabisa tangu mwanzo. Hii ya mwisho inaua ahadi hewa zote, na kwa seva ya hifadhidata ndiyo ninayoipendelea.

Kama hifadhi yako ni LVM au ZFS (mfumo wa mafaili unaosimamia na diski zenyewe), mpe mgeni volyumu yenyewe ikiwa raw. Kazi ya snapshoti inafanywa na tabaka la chini. Kuweka qcow2 juu ya ZFS ni kurundika mifumo miwili inayofanya kazi ile ile: kila andiko moja la mgeni linazaa mengi chini, na SSD inachakaa kabla ya wakati.

Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili wa Linux, inahitaji uangalifu wake. Faili la diski pepe likiandikwa huku na huku linavunjika vipande vingi mno. Zima kunakili-unapoandika (kuandika kila badiliko mahali papya) kwenye saraka kabla ya kuweka faili lolote, kwa `chattr +C /saraka/ya/diski`. Faili lenye data tayari halibadiliki kwa amri hiyo. Libvirt tangu toleo la 6.6 inajifanyia hivyo kwa hifadhi inazozitengeneza yenyewe. Gharama yake ni kwamba mafaili hayo yanapoteza ukaguzi wa usahihi wa data, ambao pengine ndio uliokuvuta kwenye Btrfs.

Nianze na ukubwa gani?

Windows 11 inadai angalau GB 64, Windows Server GB 32. Ubuntu yenye eneokazi inapendekezewa GB 25. Debian ya seva bila eneokazi inakaa vizuri ndani ya GB 10. Anza na kidogo: kuongeza ni dakika tano, kupunguza ni kazi ya kutoa jasho.

Jambo moja ambalo ningelifanya kila mara ni kutenganisha mfumo na data. Diski ya kwanza iwe ya mfumo endeshi, ya pili ya data (`/var/lib/mysql`, mafaili ya watumiaji, chochote kisichoweza kupatikana tena). Ile ya data usiigawe patisheni (vipande vya diski). Weka XFS au ext4 moja kwa moja juu ya `/dev/vdb`. Siku ya kuongeza utaruka nusu ya hatua. Kwenye `/etc/fstab` andika UUID (kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa mafaili), si jina la kifaa, maana `vdb` ya leo inaweza kuwa `vdc` kesho ukiongeza diski nyingine.

Virtio, SATA au IDE?

Virtio, njia ya diski iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe. SATA ni kwa mgeni asiye na draiva yake, IDE ni kwa mifumo ya kale. Virtio yenyewe iko ya aina mbili: virtio-blk, ambayo Linux huiona kama `/dev/vda`, na virtio-scsi, ambayo huiona kama `/dev/sda`. Virtio-scsi inabeba diski nyingi bila kula nafasi za PCI, na Proxmox huiweka yenyewe kwa Linux. Kwa mgeni wa diski moja au mbili, yoyote itakutosha.

Nasakinisha Windows, ikifika sehemu ya kuchagua diski orodha ni tupu. Diski imeharibika?

Hapana, Windows haina draiva ya virtio kwenye DVD yake. Pakua ISO ya virtio-win inayotolewa na mradi wa Fedora, uiongeze kama CD ya pili kwenye mashine pepe. Kwenye ukurasa ule wenye orodha tupu, bonyeza `Load driver`, kisha tafuta kwenye CD hiyo. Kama umetumia virtio-scsi, folda ni `vioscsi`. Kama ni virtio-blk, folda ni `viostor`. Ndani yake chagua toleo lako, `w11` au `2k22` kwa mfano, kisha `amd64`. Draiva ikikubali, diski inajitokeza hapo hapo.

Ukichagua folda ya draiva nyingine, Windows haitalalamika sana, diski haitatokea tu. Watu hudhani ISO ni mbovu na kuipakua upya, na bando ndiyo inaungua. Angalia kwanza aina ya diski uliyoiweka.

Ukimaliza kusakinisha, endesha kisakinishi kilichomo kwenye CD hiyo hiyo upate draiva zilizobaki, ya mtandao ikiwemo.

Windows yangu ilikuwa kwenye SATA. Nimeihamishia virtio, sasa inaleta skrini ya bluu.

`INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, siyo? Windows inawaka na draiva za kuwashia inazozijua tu. Irudishe SATA. Ongeza diski ndogo ya pili, ya GB 1, yenye virtio ya aina ile ile unayoikusudia. Washa, sakinisha draiva, hakikisha ile diski ndogo inaonekana kwenye orodha ya vifaa. Zima, badilisha diski kuu iwe virtio, kagua mpangilio wa kuwashia, ondoa ile ndogo.

Kache niweke ipi? Huku kwetu umeme unakatika kila wiki.

Fuata njia ya andiko moja. Programu ndani ya mgeni inaandika, keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mgeni inalishika kwenye kumbukumbu, QEMU inalipokea, keneli ya mwenyeji inaweza kulishika tena, diski yenyewe nayo ina kumbukumbu yake ndogo. Kote huko umeme ukikatika, andiko limepotea. Kinachookoa ni amri ya kusukuma data mpaka chini, ambayo hifadhidata na mifumo kama ext4, XFS na NTFS huitoa kwenye nyakati muhimu. Aina ya kache, yaani mpangilio wa hizo kumbukumbu za muda, inaamua amri hiyo inaheshimiwa vipi.

Ukiweka `none`, kumbukumbu ya mwenyeji inarukwa na amri ya kusukuma inafika kwenye diski. Hii ndiyo Proxmox huitumia usipochagua kitu, na ndiyo ningekushauri uiweke kwenye seva.

`writeback` inatumia kumbukumbu ya mwenyeji, lakini amri ya kusukuma bado inatekelezwa. Kwa hiyo data ambayo hifadhidata ilithibitisha kuiandika ipo salama. Yasiyothibitishwa yanaweza kupotea, na yanakuwa mengi kuliko kwa `none`, kwa sababu kumbukumbu ya mwenyeji ni kubwa.

`writethrough` inasukuma kila andiko. Salama, na pole pole kama foleni ya benki tarehe za mshahara. Ina maana kwa mgeni wa kale asiyejua kutoa amri ya kusukuma.

`unsafe` inaipuuza amri kabisa. Unaweza kuitumia wakati wa kusakinisha mgeni ambaye yakiharibika utaanza upya, kisha uiondoe. Nimeona miongozo mtandaoni ikiipendekeza kama dawa ya kuongeza kasi bila kutaja gharama yake. Kasi ipo kweli. Ni kasi ya kutofanya kazi uliyoagizwa.

Hakuna kache itakayokuokoa diski ikidanganya. SSD za seva huwa na kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika. Za bei nafuu za kompyuta za mezani aghalabu hazina, na hizo hizo huzembea sana kwenye maandishi ya kusukumwa. Kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ni sehemu ya mpangilio wa diski. Iunganishe na mwenyeji kwa programu ya NUT au apcupsd ili mwenyeji ajizime mwenyewe, na kwenye mipangilio ya `libvirt-guests` (huduma inayowazima wageni mwenyeji anapojizima) weka `ON_SHUTDOWN=shutdown` pamoja na `SHUTDOWN_TIMEOUT=300`. Hizo ni sekunde: betri lazima ihimili muda huo na ziada. Na jaribu siku ya kazi nyepesi kwa kuchomoa waya wa UPS ukutani. Utashangaa betri ya miaka mitatu inakaa dakika ngapi.

Diski imejaa. Naiongezaje ukubwa?

Kuna ngazi tatu: diski, patisheni, mfumo wa mafaili. Wanaokwama huwa wamefanya ya kwanza tu.

Mgeni akiwa anaendeshwa, tumia `virsh blockresize duka vda 60G`. Akiwa amezimwa, `qemu-img resize duka.qcow2 60G`. Usitumie hii ya pili kwa mgeni aliye hai. Kwenye Proxmox ni `qm resize 101 scsi0 +20G`.

Ingia ndani ya mgeni, endesha `lsblk`. `vda` inapaswa kuonyesha 60G wakati `vda2` bado ni ile ya zamani. Sasa:

```
growpart /dev/vda 2
resize2fs /dev/vda2
```

Kuna nafasi kati ya `vda` na `2`, usiiunganishe. Kama ni XFS, badala ya mstari wa pili andika `xfs_growfs /`. `growpart` ikikosekana, inapatikana kwenye kifurushi cha `cloud-guest-utils` kwa Debian na Ubuntu, `cloud-utils-growpart` kwa Rocky na ndugu zake.

Kama mgeni anatumia LVM, baada ya `growpart` fanya `pvresize /dev/vda3`, kisha `lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`. Ile `-r` inakuza na mfumo wa mafaili kwa mkupuo mmoja. Wa Ubuntu Server, jaribuni huu mstari wa mwisho kabla ya kuongeza chochote: kisakinishi chake, ukikubali LVM kama ilivyo, kwenye diski ya GB 100 kinakupa takriban nusu na kuiacha nyingine ikae bure. Kuna watu wamenunua diski wakati nafasi walikuwa nayo.

`growpart` inanijibu `NOCHANGE`.

Kuna patisheni imekaa mara baada ya ile unayotaka kuikuza, na kwa Debian mara nyingi ni ya swap (eneo la diski linalosaidia RAM). Hakikisha una bakapu, kisha: `swapoff -a`, futa patisheni ya swap kwa `fdisk` au `parted`, ondoa mstari wake kwenye `/etc/fstab`, halafu rudia `growpart`. Swap utaiweka upya kama faili. Debian ina mtego mmoja hapa: faili la `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` linaweza kuwa bado linataja UUID ya swap uliyoifuta, na kila ukiwasha mashine itakaa ikiisubiri. Andika humo `RESUME=none`, kisha `update-initramfs -u`.

Kwa Windows ndugu wa tatizo hili ni patisheni ya uokoaji iliyokaa baada ya C:, inayofanya kitufe cha kuongeza kiwe cha kijivu. Endesha `reagentc /disable`, ifute kwa `diskpart` ukitumia `delete partition override`, ongeza C:, kisha `reagentc /enable`.

Na kupunguza?

Usipunguze. Tengeneza diski mpya ndogo, nakili data ndani yake, tupa ya zamani. `qemu-img resize --shrink` ipo, lakini yenyewe inakata mkia wa diski tu bila kujali kilichomo.

Nimefuta GB 40 ndani ya mgeni, mbona faili la qcow2 halikupungua?

Mgeni akifuta, anajiandikia tu kwamba eneo lile liko huru. Mwenyeji hajaambiwa. Ili aambiwe, diski iwe na `discard='unmap'` kwenye libvirt, au alama ya Discard kwenye Proxmox, kisha ndani ya mgeni endesha `fstrim -av`. Kwa Linux washa `fstrim.timer`, inafanya kazi hiyo kila wiki. Virtio-scsi inaijua njia hii tangu zamani. Virtio-blk inahitaji QEMU 4.0 na keneli ya mgeni 5.0 au mpya zaidi.

Mgeni wa kale asiyeweza hayo, mzime na unakili faili: `qemu-img convert -p -O qcow2 kubwa.qcow2 ndogo.qcow2`. Sehemu zenye sifuri tupu zinaachwa. Zisizo sifuri zinanakiliwa hata kama ni mabaki ya mafaili yaliyofutwa, hivyo zijaze sifuri kwanza ukiwa ndani ya mgeni.

Snapshoti si bakapu?

Si bakapu. Inakaa kwenye diski ile ile, na diski hiyo ikifa, vyote vimekwenda pamoja.

Snapshoti ya nje inafanya hivi: faili la zamani linagandishwa, na maandishi mapya yanaingia kwenye faili jipya linalolitegemea lile la kwanza. Baada ya miezi sita una mnyororo wa mafaili manne, na mtu anayesafisha seva anakuta `duka.qcow2` lenye tarehe ya Januari, anaona ni la zamani, analifuta. Hapo hakuna wa kurudisha kitu. Kabla ya kufuta faili lolote la diski, endesha `virsh domblklist duka` uone lipi linatumika, na `qemu-img info -U --backing-chain` kwa faili hilo uone linategemea yapi.

Snapshoti ni ya saa chache: unasasisha mfumo, ukiridhika unaunganisha kwa `virsh blockcommit duka vda --active --pivot`, basi. Weka `qemu-guest-agent` ndani ya mgeni ili `--quiesce`, unapotengeneza snapshoti, iweze kutuliza mfumo wa mafaili kwanza. Bakapu ifanywe na `virsh backup-begin` au `vzdump` ya Proxmox, ikae kwenye mashine nyingine, na hifadhidata ipate pia nakala yake ya `mysqldump` au `pg_dump`.

Naweza kuwapa wageni wawili diski moja wasomee data ile ile?

Kwa ext4, XFS au NTFS, hapana, hata kama mmoja anasoma tu na mwingine anaandika. Kila mmoja ana picha yake ya diski kichwani, na mwandishi hamwambii msomaji. Vivyo hivyo usiifungue kwenye mwenyeji diski ambayo mgeni anaitumia. Unachotaka ni njia ya kushirikisha mafaili: NFS, Samba, au virtiofs ikiwa ni saraka ya mwenyeji.

Nimeweka faili kwenye folda yangu ya nyumbani, inaniambia `Permission denied`.

QEMU chini ya libvirt haiendeshwi kwa jina lako, na mtumiaji wake haruhusiwi kupita kwenye folda yako. Lihamishie `/var/lib/libvirt/images`. Usifanye `chmod 777`.

Natoka VirtualBox au VMware. Nianze upya?

Hapana. Zima mgeni vizuri, unganisha snapshoti zake zote kule kule ulikotoka, kisha `qemu-img convert -p -f vdi -O qcow2 duka.vdi duka.qcow2`. Kwa VMware weka `vmdk` mahali pa `vdi`. Kwa Hyper-V ni `vhdx`. Windows ianze kwa SATA, halafu ufuate lile swali la skrini ya bluu hapo juu. Kama mgeni aliwaka kwa UEFI (programu ya kuwashia iliyochukua nafasi ya BIOS), mashine mpya nayo iwe ya UEFI, la sivyo haitawaka kabisa na utailaumu diski bure.

Ukiamua kubaki VirtualBox, kuongeza ni `VBoxManage modifymedium disk duka.vdi --resize 61440`, namba ikiwa kwa MB. Ngazi za patisheni na mfumo wa mafaili ni zile zile.